Vipimo vya Kinanda cha Santa Prisca Yalagui

Andika, Bi Obdulia, maana umepanda mlima huu ili uandike:
upana, hatua moja na nusu;
kimo, mtu mzima aliyebeba mtoto mabegani.
Mbao ni mwerezi. Miguu hakina,
padri mmoja aliichoma mwaka wa theluji,
na tangu hapo kimelala juu ya meza ya sakristia
kama maiti anayesubiri ndugu zake wa mbali.

Vibao arobaini na vitano, vya mfupa wa ng'ombe.
Huku kushoto, kwenye sauti nzito, noti nne hazimo.
Usiandike "zimepotea".
Fundi alizinyima makusudi, bati lilikuwa ghali,
na hakuna wimbo wa kwetu uliowahi kuzidai.

Tarehe imo ndani ya sanduku la upepo: 1731.
Jina lililofuata limekwanguliwa kwa kisu.
Kililipiwa kwa wadudu, ndiyo, wadudu,
wale wekundu wanaonyonya mpungate;
vijiji vitatu viliwaokota kwa misimu minne,
wakakaushwa, wakapimwa, wakavuka bahari
kwenda kupaka rangi joho la mtu tusiyemjua.

Filimbi za mbele zina nyuso.
Mchoraji alizitia macho, nyusi, baadhi masharubu,
na pale hewa inapotokea, hapo ndipo mdomo.
Wa tatu kutoka kulia ana makengeza.
Tunamwita Shemeji.

Sauti ni saba. Ya saba ni ndege:
vifilimbi viwili vinavyozamishwa kwenye bakuli la maji.
Baba alisema maji sharti yawe ya chemchemi,
ya bomba hayaimbi.
Hilo sijalithibitisha. Liandike kwa penseli.

Filimbi thelathini na moja za nyuma,
zile nene, acha nafasi yake wazi.
Mwaka wa kumi na tano walipanda askari,
sijui wa upande gani, njaa yao ilikuwa moja.
Zilikuwa za risasi; zikawa risasi.
Sina namna nyingine ya kulisema.
Waliziyeyusha uani, katika sufuria ya harusi,
na bibi yangu Eufrasia aliapa mpaka kufa
kwamba jioni ile, ng'ambo ya korongo,
aliitambua noti ya Ijumaa Kuu
ikilia mara moja, kavu, bila kurudi.
Mimi sibishani na marehemu.

Sasa mivukuto. Miwili, ya ngozi ya kondoo.
Umeandika: "imetobolewa na panya, imezibwa kwa karatasi."
Ngoja.
Niliikanyaga tangu nikiwa na miaka minane,
mkate mmoja kwa Misa, miwili kwa Pasaka,
mguu huu, mguu huu,
na jasho likinitiririka nyuma ya pazia asilonitazama mtu.
Jana ulipofungua mikunjo kwa kile kisu chako chembamba
nikaona mwandiko.

Ni kitabu cha ubatizo, kile cha mwaka wa surua,
ambacho kila padri aliyekuja alikitafuta kabatini.
Mtu alikata kurasa zake, akapaka gundi, akaziba matundu;
karatasi haikuwepo, na sherehe ilikuwa kesho.
Sinforosa, binti wa Gaspar na Petrona.
Melquiades, wa baba asiyetajwa.
Mtoto wa kiume, hakusubiri jina.

Kumbe nilipounyanyua mguu, hao walivuta pumzi.
Kumbe nilipoukandamiza, kanisa zima liliimba kwa pumzi hiyo,
nami nikiwaza mkate.

Unasema kurasa lazima ziende mjini,
kwenye kabati lenye ubaridi, chini ya kioo,
na hapa utie ngozi mpya. Sawa, wewe ndiye fundi.
Ila kwenye orodha futa neno "karatasi".
Nimehesabu usiku: ni watu mia na kumi na wawili.

Na kabla hujakata, shika taa, sogea kidogo.
Nikanyage mara moja.

Haya.
Hakuna noti. Upepo unavuja kila pahali.
Ila msikilize Shemeji:
anajaribu.